Umisheni wa siku kumi ng'ambo ya Kasumulu: mwongozo kwa usharika unaotaka kwenda kusaidia

Mwaka wa kwanza tulivuka Kasumulu, mpaka wa Tanzania na Malawi, watu 22 ndani ya kosta moja, na marobota matatu ya mitumba juu ya paa. Tulikuwa tunakwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, kwa kile tulichokiita kusaidia maendeleo ya jamii. Usiku wa nne niliamka saa kumi alfajiri kwenda msalani, nikamkuta mama mchungaji mwenyeji wetu jikoni, kakaa kwenye kigoda, moshi umemjaa machoni, anachemsha maji ya kuoga ya watu 22. Gunia la mchele lililokuwa limesimama wima pale kona siku tuliyofika sasa lilikuwa limelala. Nilikuja kujua baadaye kwamba mchele ule ulikuwa uuzwe ili mwanawe alipiwe ada.

Mitumba tuliigawa siku ya mwisho, na watu walisukumana mpaka mzee mmoja akaanguka. Tukapiga picha, tukarudi Mbeya tukiimba.

Tangu hapo tumerudi mara kadhaa, na kila mara tumebadilisha namna ya kwenda. Haya ninayoyaandika ni kwa kamati ya umisheni ya usharika wowote inayofikiria safari fupi ya namna hii. Natumia njia ya Mbeya hadi Karonga kwa sababu ndiyo ninayoijua, na mradi wa maji kwa sababu ndio tulioufanya. Ukienda Zambia, Burundi au Msumbiji, forodha na lugha vitabadilika, lakini mpangilio utafanana.

Hatua ya kwanza: usiende mpaka uitwe

Wengi huanza kinyume. Kamati inakaa, inasema "mwaka huu tuvuke mpaka", halafu ndipo inatafuta cha kwenda kufanya. Ombi litoke kule. Liwe la maandishi, na lipitie ngazi: mchungaji mwenyeji, ofisi ya kanisa lake, ofisi ya kanisa lenu. Kaskazini mwa Malawi kanisa kubwa ni la Kipresbiteri, CCAP, Sinodi ya Livingstonia, ila wapo pia Wamoraviani, Waanglikana, Wakatoliki na Wapentekoste. Wenyeji wako wakiwa wa kanisa dogo, usiwapite ukaenda kwa wakubwa kwa sababu tu wana ofisi nzuri.

Mchungaji akikuambia kwenye simu, "Karibuni tu, chochote mtakachotuletea ni baraka," ujue bado hujapata ombi. Hiyo ni adabu. Mtu gani atamwambia mgeni anayetaka kuja kwake kwamba asije? Uliza tena, na uliza kwa namna ambayo mtu anaweza kukujibu bila kuona haya: ni kitu gani mmekianza wenyewe kikakwama? Ombi zuri hutoka hapo, kwa sababu linahusu kazi ambayo tayari ina wenyewe.

Kuna ngazi mbili nje ya kanisa ambazo watu wa kanisa hupenda kuziruka. Ya kwanza ni chifu. Malawi machifu wana sauti hasa, kuanzia kijijini hadi ngazi za juu. Huko Karonga mkuu wa machifu wa Wangonde hubeba cheo cha Kyungu. Ardhi, ugomvi, wageni, vyote hupitia kwa chifu, na kisima kilichojengwa bila yeye kujua kitakuwa kisima cha kanisa, si cha kijiji. Ya pili ni ofisi ya maji ya wilaya. Wao ndio wenye kujua pampu ipi ilichimbwa lini na fundi wa eneo ni nani. Sisi mwaka wa pili tulizipita ngazi zote mbili, tukakabidhi pampu kwa mchungaji peke yake. Miezi michache baadaye ilikuwa imefungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo uko kwa mzee wa kanisa.

Nikiona vijana wanajiona mashujaa kwa safari ya siku kumi, huwakumbusha habari za David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitumwa na misheni ya Livingstonia kutoka huko huko Malawi kwenda Chinsali, kaskazini mwa Zambia ya leo, kuhubiri na kufungua shule. Hakwenda na tiketi ya kurudi. Aliishi huko na akafia huko. Sisi ni wageni wa kupita tu, basi kazi yetu iwe ya kiasi cha mgeni wa kupita.

Hatua ya pili: watu wawili watangulie

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta, wala hakumwambia mtu yeyote alilonalo moyoni. Fanyeni hivyo. Watume watu wawili, mmoja awe mwanamke, miezi mitatu au minne kabla ya safari yenyewe. Wasiende na mabango wala fulana za usharika.

Kazi yao kubwa si mikutano. Waende wakakae penye maji kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kwenye kikao chetu cha kwanza na wazee wa kijiji tuliambiwa wanahitaji kisima kipya, na kila mwanamume aliyesimama alisema hivyo hivyo. Kesho yake dada tuliyemtuma alikwenda pampuni na ndoo yake kama mtu mwingine, akapanga foleni. Mama mmoja akamweleza kwa Kingonde, ambacho Mnyakyusa anakisikia bila shida: "Hii ilikuwa nzuri. Imeharibika mwaka juzi. Pampu mara hamsini, ndipo maji yaje." Akamwonyesha. Mkono ulipanda na kushuka mwepesi kama hauna kitu chini, na kweli hauna kitu.

Tofauti kati ya maneno ya kikaoni na ya foleni ilikuwa ni mamilioni. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji mtambo, upimaji na kibali. Kile kilichokuwepo kilikuwa na maji tele. Kilichokufa ni raba.

Hapa nieleze kidogo, maana ukiielewa pampu moja umeelewa nusu ya miradi ya maji vijijini. Pampu ya mkono utakayoikuta sehemu nyingi za Malawi, na Kenya, na hata kwetu, ni Afridev. Mzizi wake ni kazi iliyofanywa Malawi kwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilibuniwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuifungua kwa spana moja. Ndani ya bomba la plastiki zinashuka rodi, mwisho wa rodi kuna pistoni yenye raba, na chini yake valvu inayozuia maji yasirudi kisimani. Uzuri wake ni kwamba pistoni na valvu hutolewa kwa kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe. Raba ikiisha, pistoni haishiki maji. Valvu ikivuja, maji hushuka kila pampu inapopumzika, ndiyo maana asubuhi watu hupampu mpaka mabega yawake kabla tone halijatoka.

Jipimie mwenyewe. Acha pampu ipumzike nusu saa, halafu hesabu ni mipigo mingapi mpaka maji yatoke. Ikiwa mingi, itazame valvu. Kisha weka ndoo ya lita 20 na ushike saa. Pampu nzima hutoa takriban lita 17 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ijae kwa dakika moja na kidogo. Ikichukua dakika nne, itazame raba. Haihitaji mhandisi, ila wageni wengi hawaifanyi kwa sababu kuzindua kisima kipya kuna picha nzuri kuliko kubadilisha raba.

Na jambo hili si la mchezo. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700, mlipuko mbaya kuliko yote katika kumbukumbu za nchi ile. Pampu ikifa, watu hurudi mtoni.

Hatua ya tatu: punguza msafara

Watu wanane wanatosha. Wetu huwa hivi: mafundi wawili wanaojua bomba kweli, muuguzi mmoja, mtunza hesabu, mchungaji, mtu mzima wa kike anayesikia Kingonde au Kitumbuka, na vijana wawili wanaojifunza. Dereva tumhesabu ndani ya fundi kama anajua spana.

Vipi kuhusu kwaya? Najua. Kwaya itanuna, mwenyekiti wa akina mama atauliza mbona jina lake halipo, na mzee aliyetoa ahadi kubwa atataka mwanawe aende. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko forodha. Sisi tunawasomea hesabu mbele ya usharika. Tuseme nauli, chakula na malazi ya mtu mmoja ni shilingi 350,000. Watu 22 ni 7,700,000. Watu wanane ni 2,800,000. Tofauti ni 4,900,000, na kwa hela hiyo pampu ngapi zinafufuka? Tukishasoma tunanyamaza, tunaacha watu wajipigie hesabu wenyewe.

Aliye chini ya miaka 18 hatumchukui. Na kila anayekwenda anatia saini karatasi ya masharti: hakuna kukaa peke yako na mtoto wa wenyewe, hakuna kumpiga mtoto picha bila ruhusa ya mzazi wake, hakuna kumpa mtu namba kwa ahadi ya kumsomesha. Anayeona masharti hayo ni makali abaki nyumbani.

Hatua ya nne: fedha, na daftari mbili

Fungueni daftari mbili, moja la safari na moja la mradi, na pesa isivuke kutoka la mradi kwenda la safari hata siku moja. Mafuta yakipanda bei, mtu apunguzwe kwenye gari; raba zisipunguzwe. Mnunuzi na mtunza pesa wawe watu wawili tofauti.

Ahadi si fedha. Tunapanga tarehe ya mwisho, mwezi mmoja kabla ya safari, na kile kilichoingia mpaka siku hiyo ndicho bajeti.

Kwacha ya Malawi huyumba. Novemba 2023 benki kuu yao iliishusha thamani, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44 kwa mara moja. Kwa hiyo bei uliyoletewa na watangulizi usiitegemee. Mpigie simu mwenye duka la vifaa Karonga wiki ya safari, uandike upya. Pesa mbadilishe benki au kwenye duka lenye leseni, msikubali wale vijana wa mpakani wenye mabulungutu mkononi. Wanahesabu haraka kuliko macho yako.

Vifaa mnunue huko huko, saruji, nondo, vipuri, vyote. Mnamwachia mwenye duka sababu ya kuendelea kuleta raba hizo, na wanakijiji wanajua pa kuzipata mkishaondoka. Ukitoka na vipuri Mbeya umewafundisha kwamba vipuri hutoka Mbeya.

Chakula cha wageni kilipwe kabla hamjafika, na mpishi alipwe kama kibarua. Mama mchungaji atakataa. Mlipeni jirani yake, basi, yeye akae na wageni sebuleni kama mama wa nyumba.

Hatua ya tano: karatasi

Pasipoti kwanza, na kwa Mtanzania pasipoti inataka kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo anzeni miezi minne kabla. Barua tatu za utambulisho, yenu, ya wenyeji na ya ofisi ya kanisa lao, nakala za kutosha. Mpakani semeni ukweli kuhusu mnachokwenda kufanya, na muulize uhamiaji au ubalozi mapema kama kazi yenu inahitaji kibali. Mtu aliyesema "matembezi" akakutwa na jenereta na mikoba ya vifaa ana maelezo marefu ya kutoa.

Kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni ya mwili wako. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Dereva wetu mmoja alimpa ofisa kadi ya chanjo alipoulizwa ya gari. Walicheka, lakini saa mbili zilikwenda.

Spana, msumeno, mashine ya kukatia, kila kitu kiandikwe kwenye orodha na thamani yake, igongwe mhuri wakati wa kutoka, ili msilipishwe ushuru wa zana zenu wenyewe wakati wa kurudi.

Msafiri kati ya Mei na Oktoba. Mvua zikiwa zimekolea, barabara za vijijini hazipitiki, na watu wako mashambani. Karonga hulima mpunga, na ule wanaouringia wanauita Kilombero, jina ambalo Mtanzania yeyote atalitambua. Ukienda wakati wa kupanda, utakaa na wazee na watoto, wenye nguvu wote wako kwenye majaruba.

Afya kwa ufupi: chandarua kwa kila mtu, dawa zenu wenyewe za kutosha, na msiogelee ziwani, kuna kichocho. Muuguzi wenu awahudumie ninyi tu. Leseni yake haijavuka mpaka, na kugawa vidonge chini ya mwembe kunaweza kumuumiza mtu ambaye hutakuwepo kumwona wiki ijayo.

Mkishafika

Rudisheni saa nyuma saa moja mara tu mkivuka mto Songwe. Wenyeji watakuwa wamewasubiri kwa saa yao.

Pili, ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, na mpaka wake serikali zetu hazijakubaliana. Mkiwa kwao ni Ziwa Malawi. Nimeona chakula cha jioni kikiharibika kwa sababu kijana wetu mmoja aliamua kuwafundisha wenyeji jiografia.

Salamu zifanyieni mazoezi njiani. Kwa Wangonde, Mnyakyusa akisema "ndaga" atajibiwa kama ndugu. Kwa Watumbuka jifunzeni "monire" kusalimu na "yewo chomene" kushukuru. Chakula mle kilichowekwa mbele yenu, Luka sura ya 10 inasema hivyo hivyo. Kuna kondowole, ugali wa muhogo unaovutika, na usipa, dagaa wa ziwani, ambao mtu wa Kyela hahitaji kuelezwa.

Siku ya kwanza ni ya chifu, na haifanyiki kazi nyingine. Siku ya pili mkae na kamati ya maji. Kama haipo, kazi yenu ya kwanza ni kusubiri ichaguliwe, na msipeane moyo kwamba mtaianza pampu kwanza halafu kamati itakuja. Haiji. Kamati iwe na wanawake wa kutosha, na mweka hazina awe mtu anayechota maji pale kila siku.

Siku ya kufungua pampu, fundi wa eneo ndiye anashika spana. Mafundi wenu wapitishe vifaa. Kwetu aliyeifungua alikuwa mama wa makamo, kitenge kakikaza kiunoni, aliyefundishwa kazi hiyo zamani na hakuwa ameitwa na mtu kwa miaka miwili. Alizivuta rodi moja moja huku binti yake akizipokea na kuzilaza juu ya majani, zisiguse mchanga. Pistoni ilipotoka alikunja midomo. Raba ilikuwa imelika mpaka imebaki kama pete. Aliizungushia kidoleni, akawaonyesha wanaume waliokuwa wamesimama, akasema neno moja la Kingonde ambalo sikutafsiriwa. Wote waliangalia chini.

Kazi ile ilikwisha saa tano asubuhi. Siku zilizobaki tulijenga mfereji wa kuondoa maji machafu, tukazungushia ua ng'ombe wasiingie, na mama yule akawafundisha vijana wanne, wawili wao wetu. Mkimaliza mapema msitafute kazi ya kujaza ratiba. Kaeni, mtembelee wagonjwa, mwende nao shambani kama kuna shamba.

Jumapili mahubiri yawe mafupi, maana kwa mkalimani kila dakika ni mbili. Na ahadi: atakayesema kwa niaba ya msafara ni kiongozi mmoja tu. Maneno kama "tutaona mwakani", yakisemwa na kijana wa miaka 20 akiwa na furaha, kijijini huhesabiwa kuwa mkataba.

Kukabidhi

Msigawe nguo, pipi wala fedha siku ya mwisho. Mkabidhi karatasi moja, nakala tatu, kwa chifu, kamati ya maji na ofisi ya maji ya wilaya: kilichofanyika, kilichotumika kwa kwacha, majina ya mafundi waliofundishwa, duka linalouza vipuri, na kiasi ambacho kila kaya imekubali kuchangia kwa mwezi. Kiasi hicho wapange wenyewe. Kwetu kilikuwa kidogo mpaka nikaona haya kukiandika, lakini walikilipa.

Baada ya kurudi

Taarifa kwa usharika isomwe ndani ya wiki mbili, na risiti zibandikwe ubaoni, hata zile za soda. Kisha pigeni simu mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Pampu ikiharibika msitume pesa siku hiyo. Ulizeni kwanza mfuko una kiasi gani na fundi amesemaje.

Sisi mwezi wa saba ndio tuliopigiwa. Mwenyekiti wa kamati alisema raba imeanza kulegea tena, na mhasibu wetu akaanza kutafuta daftari kabla mwenzake hajamaliza. Kumbe hakuwa anaomba. Alitaka kujua raba ile Mbeya inauzwaje, kama ni nafuu atume hela na mtu wa basi. Tulikwenda dukani tukamtajia bei. Alicheka, akasema ya Karonga ni nafuu, akakata simu.